Niliacha chuo semista ya nne: je, krediti zangu bado ni zangu?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, ni mtunza hesabu wa chama cha msingi cha kahawa huku Mbozi. Nina diploma ya uhasibu. Mwaka 2016 nilidahiliwa shahada ya uhasibu kwenye chuo kimoja, nikasoma semista tatu. Ya nne nilikosa ada, nilikuwa mjamzito pia, nikarudi nyumbani kimya kimya. Niliacha sapu moja (mtihani wa marudio) ya Takwimu ambayo sikuifanya. Sasa nataka kumalizia, ila siwezi kuacha kazi, na msimu wa kahawa, Juni mpaka Oktoba, sipati hata muda wa kula. Shemeji anasema lazima nianze upya mwaka wa kwanza kwa sababu nilitoroka. Rafiki yangu anasema siku hizi unasoma kozi moja moja, unakusanya krediti mpaka zitoshe. Kuna kijana wa mtandaoni kaniambia kwa uzoefu wangu kazini naweza kupewa shahada ndani ya miezi sita. Na wapo wanaosema shahada ya kusomea nyumbani haina uzito kazini. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, mama. Naanza na lile ninaloona ndilo linalokunyima usingizi: kama zile semista tatu zilikwenda na maji. Kwa maelezo yako, hazikwenda zote. Kozi uliyoifaulu inabaki imefauliwa kwenye kumbukumbu za chuo ulichosoma, hata kama uliondoka bila kuaga. Linalobaki ni kujua nani yuko tayari kuzipokea leo, ngapi kati yake, na kwa masharti gani. Jibu la hilo hutolewa na chuo, kwa maandishi, baada ya kuziona karatasi zako. Shemeji hawezi kulitoa, rafiki hawezi, na mimi nikiwa mbali na faili lako siwezi. Ninachoweza ni kukueleza hesabu yenyewe inavyopigwa, ili ukifika dirishani ujue unauliza nini na usikubali kurudishwa na jibu la juu juu.

Wengi hudhani krediti ni zawadi ya kufaulu vizuri, kwamba mwenye A anapewa nyingi na mwenye C anapewa chache. Sivyo. Krediti hupima ukubwa wa kazi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na ndani ya saa hizo kuna mhadhara, semina, kusoma peke yako, kazi za kupewa na kujiandaa kwa mtihani. Kozi ya krediti 12 ni kozi ambayo mwanafunzi wa kawaida anatarajiwa kuitolea saa 120. Aliyepata A na aliyepata C wote wanatoka na krediti 12 zilezile. Aliyefeli hatoki na hata moja, ajapokuwa alizikaa saa zote. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360, wastani wa 120 kwa mwaka. Hizo ni saa 3,600 za kazi, na namba hiyo naomba uishike, maana itatusaidia tukifika kwa yule kijana.

Alama zako zenyewe zinaingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama za kozi zote, na huko krediti inakuwa uzito. Chukua kozi tatu: moja ya krediti 12 umepata B+ ambayo ni pointi 4, nyingine ya krediti 8 umepata A ambayo ni pointi 5, na ya krediti 10 umepata C ambayo ni pointi 2. Zidisha kila moja: 48, 40 na 20, jumla 108. Gawa kwa krediti 30, unapata 3.6, daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5. Sasa geuza, ile A iangukie kwenye kozi kubwa na B+ kwenye ndogo: inakuwa 112 kwa 30, yaani 3.7. Mtu yuleyule, alama zilezile, GPA tofauti. Anayesoma kozi chache kwa mwaka ana nafasi ambayo wa kutwa hana: anaweza kuipa kozi nzito nafasi ya peke yake, mwaka ambao nyumbani kumetulia. Huo ni upande mzuri wa kusoma polepole, na watu huusahau.

Kwa hiyo semista zako tatu, kwa makaratasi, zilikuwa na kama krediti 180. Toa Takwimu ambayo hukuimaliza, na nyingine kama ipo. Tuseme zimebaki 170. Je, ukienda chuo kingine unaanza na 170 mkononi? Hapo ndipo rafiki yako anapokosea, ingawa kwa nia njema.

Wewe unaijua VICOBA. Hisa zako zimegongwa muhuri kwenye kitabu cha kikundi chenu. Kikundi hicho kinazitambua bila mjadala. Ukihamia kikundi cha mtaa wa pili ukiwa na kitabu kilekile, wanaweza kukukaribisha, lakini watakaa kikao kwanza: kitabu hiki ni cha kikundi gani, hisa yao ilikuwa ya shilingi ngapi, na sisi tunazipokea ngapi. Krediti za chuo ziko hivyo hivyo. Kwenye chuo chako cha zamani, na kwenye programu ileile, una nguvu zaidi. Kwenye chuo kingine unaomba uhamisho wa krediti, na wao ndio wanaokaa kikao.

Kikao hicho kinaangalia nini? Kwanza kiwango. Krediti ina wingi na ina ngazi. Diploma yako ni ngazi ya 6, shahada ni ngazi ya 8. Ndiyo maana diploma hukufungulia mlango wa kudahiliwa lakini haikupunguzii 360 kwa kujumlishwa tu. Baadhi ya vyuo hutoa msamaha wa kozi chache za utangulizi kwa mwenye diploma ya fani hiyohiyo. Uliza, ila usiupange kwenye bajeti kabla hujauona kwenye barua.

Pili wanalinganisha maudhui. Mwalimu wa idara anaiweka mezani ile karatasi ya mpango wa kozi yako ya zamani, mada kwa mada, kando ya kozi yao. Zikilingana kwa sehemu kubwa na krediti zikikaribiana, inapita. Kozi ya krediti 7 haiwezi kuingia mahali pa kozi ya 12 kwa sababu tu majina yanafanana. Nimeona wanafunzi wanaleta matokeo peke yake bila mpango wa kozi, halafu wanashangaa kukataliwa kozi walizozifaulu vizuri kabisa. Mwalimu hawezi kulinganisha na kitu asichokiona. Kwa hiyo mama, unapoomba transkripti, yaani karatasi rasmi ya matokeo yako, chuoni kwako, omba pia mipango ya kozi ya miaka ile, 2016/17 na 2017/18. Ya sasa haitakusaidia kama mtaala ulibadilishwa.

Tatu ni umri wa kozi, na kwa fani yako hili lina makali. Kiwango cha kimataifa cha kuhesabu pango na ukodishaji, IFRS 16, kilianza kutumika Januari 2019. Wewe ulipokuwa darasani, huenda ulifundishwa kwa kiwango cha zamani, IAS 17. Kodi nayo: kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, viwango vinabadilika, misamaha inaongezwa na kuondolewa. Kozi ya Kodi ya mwaka 2017 ni vigumu kuitetea leo. Lakini Hisabati ya Biashara haijabadilika, wala Stadi za Mawasiliano, wala misingi ya Uchumi. Tarajia basi kwamba kozi za mwaka wa kwanza zitapita kwa urahisi kuliko za mwaka wa pili, na usijisikie umedhulumiwa wakikwambia Uhasibu wa Fedha urudie. Binafsi ningekushauri uirudie hata kama hawakulazimishi. Utakaguliwa vitabu vyako na watu wanaotumia viwango vya leo.

Mwisho wanaangalia ulivyoondoka, na hapa sasa tunafika kwa shemeji.

Mwanafunzi huacha chuo kwa njia tatu, na kila njia ina matokeo yake. Yupo aliyeandika barua ya kuahirisha masomo akakubaliwa. Huyo anarudi muda wake ukifika. Yupo aliyedisko, yaani chuo kilimwondoa kwa kufeli. Huyo kwa kawaida huomba upya kama mwanafunzi mpya. Na yupo wa aina yako, aliyepotea tu. Kwenye kumbukumbu anaweza kuandikwa kwamba ametoroka masomo, au hakuandikwa lolote. Shemeji yako amechanganya aina ya pili na ya tatu. Wewe hukufeli ukaondolewa. Ile sapu ya Takwimu inabaki kuwa kozi isiyokamilika, utaisoma na kuifanyia mtihani upya, basi. Hata hivyo ana ukweli kidogo: vyuo huweka kikomo cha miaka ambayo mwanafunzi anatakiwa awe amemaliza tangu adahiliwe, na wewe kwa vyovyote umekipita. Kwa hiyo hata chuo chako cha zamani kinaweza kukutaka uombe udahili upya, kisha ndipo zile krediti ziombewe kutambuliwa. Kuomba udahili upya si sawa na kusoma upya. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayokuokolea mwaka mzima au zaidi.

Kwa huyo kijana wa mtandaoni, naomba unisikilize kwa makini. Saa 3,600 ndani ya miezi sita ni saa 20 kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Hakuna binadamu anayeweza. Anachokuuzia ni karatasi. Ameijenga hadithi yake juu ya kitu cha kweli, na ndiyo maana inavutia: hapa Tanzania upo utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata kazini, unaojulikana kwa kifupi RPL, na TCU inausimamia. Lakini utaratibu huo unampa mtu *sifa ya kuingia* chuo kikuu, baada ya kupimwa kwa mtihani na vielelezo vya kazi. Hautoi shahada. Na wewe hata hauuhitaji, kwa sababu diploma yako tayari ni mlango.

Akikutajia chuo cha nje, kuna mtego mwingine wa namba. Atakwambia shahada yao ni krediti 120 tu, ya kwetu 360, kwa hiyo ni rahisi mara tatu. Shahada ya Marekani kweli huwa na krediti kama 120, na za nchi nyingi za Ulaya 180, lakini kipimo chao cha krediti moja ni kikubwa zaidi. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30. Kazi ni ileile, kibaba ndicho tofauti. Tuzo yoyote ya chuo kikuu cha nje lazima ipelekwe TCU kutathminiwa kabla haijatambulika hapa, na kwenye matangazo ya kazi serikalini sharti hilo huandikwa wazi. Mwambie kijana akupe jina kamili la chuo, kisha ulipeleke TCU kabla hujatuma hata shilingi ya fomu.

Kuhusu uzito wa shahada ya kusomea nyumbani, jibu langu ni fupi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kinasimamiwa na TCU ileile inayosimamia vyuo vya bweni, na shahada yake iko ngazi ileile ya 8. Mitihani hufanyika kwenye vituo, msimamizi akiwa mbele yako. Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa. Wanaokwambia haina uzito wengi wao hawajawahi kuona mtu akijaribu kusoma Ukaguzi wa Hesabu saa nne usiku baada ya kulaza watoto. Anachoangalia mwajiri ni kama chuo kinatambulika, fani inahusika na GPA ni ngapi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona hukuliuliza lakini ndilo litakaloamua kama utamaliza: kalenda yako na kalenda ya chuo. Kusoma kwa krediti kunakupa uhuru wa kuchagua kozi ngapi usajili. Hakukupi uhuru wa kuchagua siku ya mtihani, wala hakupunguzi saa hata moja kutoka kwenye jumla. Wengi huliona neno "kwa nafasi yako" kwenye tangazo wakadhani mzigo umepungua. Umegawanywa tu.

Kwa almanaka za vyuo vyetu vingi, semista ya kwanza huanza Oktoba au Novemba na kuishia Februari au Machi. Ya pili huingia Machi au Aprili, na mitihani yake huangukia karibu na Julai. Wewe Julai uko wapi? Uko ofisini kwenye chama, foleni ya wakulima imefika barabarani, unalinganisha stakabadhi za kupokelea kahawa na daftari la malipo, na tofauti ya kilo 3 haikuruhusu kufunga ofisi. Huwezi kufanya mitihani minne wiki hiyo. Ukijidanganya kwamba utaweza, utapata sapu, sapu zikizidi utakeri kozi kwenda mwaka unaofuata, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa kwa mara ya pili.

Hebu tupange kwa uhalisia. Semista ya kwanza sajili krediti 30. Ni saa 300, ukizigawa kwa wiki 16 ni kama saa 19 kwa wiki: saa mbili kila usiku siku tano, na zilizobaki Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Ni nyingi, ila kahawa imekwisha na chama kimetulia. Semista ya pili sajili krediti 20 tu, kozi mbili, na uanze kusoma mara tu vitabu vinapopatikana, ili kufika mwisho wa Mei uwe umemaliza mada zote na Juni ubaki na marudio. Hapo mwaka unakupa krediti 50. Kama chuo kitakupokelea krediti 120 kati ya zile 170, umebakiwa na 240, na hiyo ni miaka mitano au pungufu kidogo. Wakikupokelea 90, ni zaidi kidogo ya mitano. Najua ulitarajia mfupi zaidi. Afadhali uanze ukiijua mitano kuliko uanze na mitatu ya kwenye tangazo ukaacha tena katikati, kwa sababu programu nyingi za shahada hapa kwetu hazitoi cheti cha katikati. Mwenye krediti 300 na asiye na hata moja, kwenye tangazo la ajira, wote hawana shahada. Na hakikisha miaka hiyo mitano inaingia ndani ya kikomo cha chuo unachokwenda. Hilo ulizia siku ya kwanza.

Kabla ya kusajili chochote, chora kwenye karatasi kubwa kozi zote zilizobaki na uweke mishale: ipi lazima itangulie ipi. Ukaguzi hausajiliwi kabla ya Uhasibu wa Fedha. Mbinu za Utafiti hutangulia andiko la mwisho, na mara nyingi Takwimu hutangulia Mbinu za Utafiti. Unaona basi ile sapu uliyoiacha ilivyokaa mlangoni: usipoanza na Takwimu, kozi mbili au tatu nyuma yake haziendi popote. Kisha kando ya kila kozi andika inafundishwa semista gani. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Ukiikosa ya semista ya kwanza unangoja miezi kumi na miwili, na mshale wote unasogea. Kazi hii ya jioni moja nimeona ikiwaokolea watu mwaka. Ifanye pamoja na mshauri wa masomo kituoni, yeye ana mtaala wote.

Uchague wapi? Kurudi chuo chako cha zamani ndiko kutakakookoa krediti nyingi zaidi, lakini kama kinafundisha mchana tu, hakikufai, na hakuna haja ya kulizungusha. Kampasi za Mbeya mjini zinazofundisha uhasibu na biashara, kama ya Mzumbe na ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, unaweza kuulizia kama zina vipindi vya jioni au vya mwisho wa wiki kwa programu yako. Fikiria tu kwamba kutoka Vwawa ni kama kilomita 70, na unaijua barabara ile malori ya Tunduma yanapoziba. Mwisho wa wiki inawezekana. Kila jioni, hapana. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa, Mbeya na Iringa vikiwamo, kwa hiyo safari zako zitakuwa za mitihani, vipindi vya ana kwa ana na kushughulikia faili. Kwa hali uliyonieleza, naegemea huko. Ubaya wake nikutajie bila kuficha: hakuna wa kukusukuma. Hakuna kengele wala mwenzako wa chumbani anayekuuliza kama umemaliza kazi ya kikundi. Anayefaulu huko ni yule aliyepata wenzake wawili watatu wa kozi hiyohiyo, hata kwa WhatsApp, wakawekeana siku ya kusoma.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja. Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hutoa mitihani ya kitaaluma, ikiwamo ya Mei na Novemba. Mei ni kabla ya msimu wako, Novemba ni baada yake; kwa kalenda pekee, inakukaa vizuri kuliko chuo chochote. Kama lengo lako ni kuwa mhasibu aliyesajiliwa, nenda na vyeti vyako bodi wakwambie utaingilia ngazi gani ukiwa na diploma. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa ngazi za mwanzo, kwa hiyo wapo wanaomaliza shahada kwanza. Kama lengo lako ni sifa ya kuomba kazi halmashauri au benki ambako tangazo linaandika "shahada", mitihani ya bodi peke yake inaweza isikufikishe. Jiulize unataka kuwa wapi ukiwa na miaka 40, na jibu litachagua njia.

Ada sitakaa nayo sana. Vyuo vya masafa mara nyingi hutoza kwa kozi unazosajili, kwa hiyo mwaka wa krediti 50 ni nafuu kuliko wa 120. Lakini zipo tozo za usajili na mitihani zinazojirudia kila mwaka bila kujali umesoma kozi ngapi, na kwa anayesoma miaka mitano hizo hujumlika. Omba mchanganuo wote kwa maandishi, na lipa kwa kumbukumbu namba ya chuo tu, kamwe usilipe kwenye simu ya mtu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuweke kwenye mipango kabla hujasoma mwongozo wa mwaka husika na kuona kama mwombaji wa aina yako anahusika.

Mengine hayamalizwi kwa maandishi, yanataka ufike mwenyewe. Nenda chuo chako cha zamani kabla ya yote, hata kama unaona aibu. Maofisa wa pale wameona wengi walioondoka hivyo, wala hutakuwa wa kwanza. Omba transkripti ya kozi ulizofaulu, mipango ya kozi, na barua inayosema uliondokaje. Kama unadaiwa ada ya semista ya nne, wanaweza kuzuia karatasi mpaka ulipe. Omba kuonana na mhasibu na muelewane kulipa kwa awamu. Ukikuta chuo kimefungwa au kimeunganishwa na kingine, usihangaike na waliokuwa wafanyakazi wake, andikia TCU wakuelekeze kumbukumbu zilikohifadhiwa. Kama jina la cheti chako cha kidato cha nne ni tofauti na unalotumia sasa baada ya kuolewa, tumia lile la cheti kwenye kila fomu, na kama nyaraka tayari zimegongana muone mwanasheria akuandalie hati ya kuyaoanisha kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa. Namba ya uhakiki wa diploma, AVN, huombwa kwenye baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET. Ikigoma kwenye mfumo, nenda ofisi yao ya kanda pale Mbeya ukiwa na cheti halisi. Na Agosti ukipata hata siku moja ya kutoka ofisini, vyuo huwa na mabanda kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Unaweza kuongea na vitatu kwa nauli moja.

Ukishakaa mbele ya ofisa wa chuo unachotaka kuhamia, mwulize haya na uandike majibu: seneti yenu hupokea krediti za miaka mingapi iliyopita? Kikomo cha krediti za kuhamishwa ni asilimia ngapi ya programu? Kozi nitakayohamisha inaingia na alama yake kwenye GPA, au inahesabiwa krediti tu? Na barua ya kozi zilizokubaliwa naipata kabla ya kulipa ada au baada? Jibu la swali hili la mwisho likiwa "baada", omba kuonana na mkuu wa idara kabla hujafungua pochi.